Baridi Isiyosomwa Kwenye Taarifa za Ajali

Mwezi Julai jua halichomozi Babati hadi iwe yapata saa 12 na dakika 45 asubuhi. Dar es Salaam linakuwa limetangulia kwa kama dakika kumi, kwa sababu nchi nzima inafuata saa moja ilhali Babati iko mbali zaidi upande wa magharibi. Kwa aliyelala, dakika kumi si kitu. Kwa dereva wa bodaboda wa Singe aliyewasha pikipiki saa 11 alfajiri, ni nyongeza juu ya giza ambalo tayari ni refu. Karibu saa mbili za kazi yake, tena zile zenye abiria wa uhakika, hupita kabla hajaiona lami kwa mwanga wa jua. Na kuanzia Juni hadi Agosti, giza hilo huja na baridi.

Singe ni moja ya kata nane za Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mji umekaa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Kwaraa na kando ya Ziwa Babati lenye viboko. Mgeni anayefika mchana huona mandhari. Aliye juu ya tandiko alfajiri ya kipupwe huona jambo jingine: usiku ukiwa mtulivu na anga halina mawingu, hewa iliyopoa mlimani huwa nzito, huteremka na kutuama mabondeni, na penye maji huamsha ukungu. Ndiyo maana dereva anayetoka kwenye mwinuko kuingia bondeni huhisi baridi imeongezeka ghafla magotini, ingawa ameshuka na wala hakupanda.

Alfajiri kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, na huko juu Dareda, Bashnet na Mbulu hushuka zaidi. Nyuzi 12, kwa mfano, si baridi ya kutisha kwa mtu anayetembea kwa miguu akiwa na sweta. Pikipiki hubadilisha hesabu. Kwa fomula ya ubaridi wa upepo ambayo Canada na Marekani zimekuwa zikiitumia tangu mwaka 2001, nyuzi 12 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa huhisiwa na ngozi iliyo wazi kama nyuzi 8. Na upepo huo hautulii; dereva anautengeneza mwenyewe kila anapovuta mafuta.

Wanaosafiri saa hizo si watu wenye hiari kubwa ya kuchelewa. Yupo muuguzi anayeingia zamu, mama anayewahi mzigo wa mboga sokoni, mwanafunzi anayesoma mbali na nyumbani, muuza maziwa mwenye madumu pembeni. Kuliko wote yupo msafiri wa stendi. Babati ni njia panda: barabara moja inakwenda Arusha kupitia Minjingu, nyingine Singida kupitia Katesh, na ya tatu Dodoma kupitia Kondoa. Ile ya Dodoma, kilomita 251 za lami, ilizinduliwa mwaka 2018, na kwayo mji uliokuwa ukifikiwa kwa vumbi na tope kutoka kusini ukawa kwenye njia kuu ya magari ya mizigo. Kisha mwaka 2023 Serikali ikaondoa zuio la miaka mingi la mabasi kusafiri usiku. Basi likiweza kupita saa 8 au saa 10 usiku, lazima awepo mtu wa kumfikisha abiria stendi saa hizo. Mtu huyo ni bodaboda.

Mavazi yake yanasimulia vita yote. Koti zito la mtumba limevaliwa kinyume, zipu mgongoni, ili upepo usipenye kwenye meno yake. Ndani yake kuna kikinga kifua cha ngozi ya bandia, au kipande cha boksi kwa aliyekosa. Shingoni kuna shuka, kichwani mzula wa sufi ulioshushwa hadi kwenye nyusi, au ile kofia inayoacha macho tu. Chini, buti za mpira zilizokusudiwa matope. Mikononi, mara nyingi, hamna kitu. Au kuna glovu nyembamba za kufuma, ambazo upepo unazipita na umande unazilowesha kabla safari ya tatu haijaisha.

Hapo pana jambo la kufikirisha. Kikinga kifua kimeenea Tanzania nzima kwa sababu ya hofu ya nimonia. Imani ni kwamba upepo wa barabarani ukipiga kifua kwa miaka, mapafu yanakwisha. Madaktari watakumbusha kwamba nimonia huletwa na vimelea, si upepo wenyewe, ingawa hakuna ubaya wowote wa kufunika kifua. Mwili wenye joto katikati hupeleka damu nyingi zaidi mikononi. Lakini hofu yote imeelekezwa kifuani, kwenye ugonjwa wa baadaye, wakati hatari ya asubuhi hii hii iko kwenye vidole kumi.

Mwili unapopoa hulinda moyo, mapafu na ubongo kwanza. Mishipa midogo ya damu ya mikononi hubana, joto linapungua, na ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wa vidole hupotea kwa kiasi kinachopimika. Mtu hushindwa kufunga kifungo cha shati. Hushindwa kuhisi kama noti iliyo mkononi ni moja au mbili. Dereva anayepokea nauli alfajiri anaijua hali hiyo vizuri, na huwa anaicheka. Asichokifikiria sana ni kwamba vidole hivyohivyo vya mkono wa kulia ndivyo vinavyoshika breki ya mbele.

Breki ya mbele ndiyo breki. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake na wa waliopanda huegemea mbele, tairi la mbele hugandamizwa chini na kushika lami, huku la nyuma likiwa jepesi. Sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama iko kwenye kiganja cha kulia. Kidole kilichokufa ganzi hakijui kimebana kiasi gani, na mwenye kidole asiye na uhakika hukimbilia mguu, ambao umo ndani ya buti na bado una nguvu. Anakanyaga breki ya nyuma hadi mwisho. Tairi la nyuma, lililokwisha kuwa jepesi, linaganda, linateleza na kuanza kuyumba kando. Anayetegemea breki ya nyuma peke yake anaweza kuhitaji karibu mara mbili ya umbali wa kusimama wa yule anayetumia zote mbili.

Tabia hii haikuzaliwa Manyara. Mwaka 1981 timu ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California ilitoa ripoti baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki za eneo la Los Angeles, wachunguzi wakienda mahali pa tukio wenyewe. Waligundua kwamba mwendeshaji wa kawaida alikuwa na muda usiofika sekunde mbili kati ya kuiona hatari na kugongwa, na kwamba katika muda huo wengi walikanyaga mno breki ya nyuma na kuitumia kidogo mno ya mbele. Hao walikuwa watu wa Los Angeles, mji wa jua. Mpe dereva wa Singe sekunde hizohizo mbili, kisha mwondolee nusu sekunde kwa sababu vidole vimekakamaa kwenye mshikio. Kwa kilomita 50 kwa saa, nusu sekunde ni mita saba, yaani urefu wa gari moja na nusu la aina ya Noah. Pengine ng'ombe alikuwa amesimama katika mita hizo.

Ajali hiyo itaandikwaje? Trafiki atafika, atapima, atauliza. Katika taarifa itakayosomwa kwa umma kutakuwa na maneno yanayojulikana: mwendokasi, uzembe, ulevi, ubovu wa chombo, kutozingatia alama za barabarani. Katika salamu zake za kuukaribisha mwaka 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitaja ajali 1,735 na vifo 1,715 kwa mwaka 2024, akaeleza kuwa sehemu kubwa mno ilitokana na makosa ya kibinadamu. Hakuna anayeweza kubisha. Dereva aliyeshindwa kubana breki kwa wakati amefanya kosa, naye ni binadamu. Ila neno kosa linafunga mjadala pale ambapo ungetakiwa kuanza. Uzembe hutibiwa kwa faini. Kidole kilichoganda kinahitaji glovu.

Isitoshe, hata vifo vyenyewe huhesabiwa kwa tabu. Katika ripoti yake ya mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka takwimu mbili za Tanzania kando kwa kando: vifo 3,256 vilivyoripotiwa rasmi kwa mwaka 2016, na makadirio yake lenyewe ya zaidi ya 16,000. Tofauti hiyo ina maelezo mengi, ikiwemo majeruhi wanaofia nyumbani au hospitalini siku nyingi baada ya tukio. Pale ambapo hata marehemu anaweza kukosa kuhesabiwa, mtu asitarajie baridi ya saa 11 na nusu ipate safu yake kwenye jedwali.

Baada ya vidole ni macho. Helmeti nyingi zina kioo cha mbele, na kioo kina adui mmoja asiyekosa asubuhi ya baridi: pumzi ya mvaaji. Hewa ya moto na unyevu kutoka puani hukutana na plastiki baridi, na ukungu mweupe unafunika kila kitu. Dereva ana njia tatu, zote mbaya. Aendelee bila kuona. Afute kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendesha. Au anyanyue kioo, upepo umpige machoni, machozi yatoke, taa za lori linalokuja zitawanyike kuwa nyota. Wengi hunyanyua. Kuna na wale walionunua helmeti yenye kioo cheusi kwa sababu mchana inapendeza. Kioo cheusi saa 11 alfajiri ni sawa na kuendesha huku umefumba jicho moja.

Dawa ya ukungu ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, lipakwe upande wa ndani, kisha lifutwe kwa kitambaa laini hadi kioo kionekane safi. Utando mwembamba unaobaki huyafanya maji yatandae badala ya kuwa vitone. Kitambaa cha shingoni kivaliwe chini ya pua, si juu yake, ili pumzi iende nje na isipande kwenye kioo. Kioo kiachwe wazi upana wa kidole. Mafundi wa pikipiki wanayajua hayo, na madereva wazoefu pia. Ni maarifa ya kijiweni ambayo hayajapata mtu wa kuyaandika kwenye ubao.

Mzula nao una hila yake. Helmeti imetengenezwa ishike kichwa, ndani yake kuna povu linalopondeka badala ya fuvu. Ukivaa kofia nene ya sufi chini yake, helmeti inakaa juujuu na kamba ya kidevuni haifiki. Basi inaachwa ikining'inia, na katika mapigo ya kwanza ya ajali helmeti inatangulia chini peke yake. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 na mtandao wa Cochrane yalionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Asilimia hizo ni za helmeti iliyobaki kichwani. Kwa baridi, kitambaa chembamba au ile soksi ya kichwa isiyo na mafundo kinatosha. Mzula ungoje hadi pikipiki isimame.

Abiria wa nyuma hana hata tatizo hilo, kwa kuwa mara nyingi hana helmeti. Kanuni za mwaka 2010, zilizotungwa baada ya sheria kurekebishwa kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa biashara, zinamtaka dereva na abiria wote wawili wavae, na abiria awe mmoja. Ukikaa pembeni ya barabara yoyote ya Babati alfajiri utaona mshikaki wa watu wawili na mtoto katikati, wote wamejikunyata kwenye shuka moja. Baridi hushawishi jambo hilo: watu watatu waliobanana wanapata joto, na nauli inagawanywa. Helmeti ya pili, kama ipo, imetundikwa kwenye kioo cha pembeni. Abiria huikataa kwa kuogopa jasho na fangasi za kichwa cha aliyetangulia, na hofu hiyo si ya kudharauliwa.

Rwanda imetoboa hapo. Kigali iko juu kuliko Babati na asubuhi zake nazo zina ubaridi, lakini dereva wa pikipiki ya abiria hubeba helmeti mbili na abiria havuki barabara bila kuvaa ya kwake. Ni mazoea ya miaka mingi yaliyojengwa na polisi wasiokwepwa. Tanzania ilichukua mkondo mwingine kidogo. Katika bajeti ya 2021/22 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alipendekeza faini za makosa ya pikipiki na bajaji zishushwe kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000 kwa kosa, kwa hoja kwamba kiwango cha zamani kililingana na cha gari na kiliwaumiza vijana. Hoja hiyo ina haki ndani yake. Vilevile ni kweli kwamba saa 11 alfajiri hakuna trafiki wa kuitoza hiyo elfu kumi.

Kuna upande wa chombo chenyewe. Injini ndogo inayopozwa kwa hewa, ya Boxer, TVS au Haojue, inahitaji dakika chache kupata joto. Dereva huvuta choki, husikia inanguruma, anapakia abiria na kuondoka. Choki ikiachwa, inameza mafuta. Ikirudishwa mapema, injini inakata. Mahali pabaya kuliko pote pa injini kukata ni kwenye maungio ya njia ya mtaa na barabara kuu, pale dereva anapokatiza mbele ya lori akiamini atafika upande wa pili. Dakika mbili za kuipasha moto ikiwa imesimama zingemaliza tatizo, lakini dakika mbili ni mafuta, na mafuta ni hela.

Matairi nayo hupungua upepo kwa baridi. Kila joto linaposhuka kwa nyuzi tano au sita, tairi hupoteza takriban paundi moja ya upepo. Iliyojazwa saa 8 mchana kwenye jua haiko vilevile alfajiri. Mpira wa baridi hushika lami vibaya zaidi, na lami yenyewe ina umande, mafuta yaliyodondoka kwenye magari mabovu, na katika msimu wa kutoa mazao shambani, tope na mabua yaliyoletwa na matrekta. Tairi kipara juu ya mchanganyiko huo halihitaji mwendokasi wowote. Linahitaji kona tu.

Halafu kuna suala la kuonekana. Lori linalotoka Dodoma na kuingia mjini saa 12 kasorobo lina dereva aliyekesha. Mbele yake kuna ukungu, na katika ukungu kuna koti jeusi juu ya pikipiki nyekundu ambayo gizani nayo ni nyeusi. Taa ya nyuma imepasuka au imefunikwa na gunia la mzigo. Reflekta ipo, ila imevaliwa chini ya lile koti lililogeuzwa kinyume, au juu ya koti lakini mgongo wote umefunikwa na abiria mwenye shuka ya rangi ya kiza. Wachunguzi wa Los Angeles walikuta kwamba pikipiki na gari vikigongana, mara nyingi dereva wa gari alikuwa hakuiona pikipiki, au aliiona akiwa amechelewa. Malaysia ilizifanyia kazi taarifa za namna hiyo: mwaka 1992 iliagiza pikipiki ziwashe taa ya mbele hata mchana, na utafiti uliofuata ulikadiria kwamba ajali zinazohusiana na kutoonekana zilipungua kwa asilimia 29 hivi. Taa iliyokwishalipiwa pikipiki iliponunuliwa ilifanya kazi hiyo bila kumgharimu dereva.

Wapo Singe madereva wanaozima taa ya mbele kwenye mtelemko au mwanga unapoanza kupambazuka, wakiamini wanaokoa betri. Dakika hizo za mapambazuko, kuanzia saa 12 na dakika 20 hivi hadi jua linapotoka, ndizo za kuwasha taa kuliko zote. Macho ya dereva wa bodaboda tayari yanaona njia, kwa hiyo anadhani naye anaonekana.

Baridi inaleta na dawa zake za mtaani. Supu ya moto na chapati pale kijiweni ni dawa halali na bora. Ina joto, ina chumvi, inamlazimu mtu ashike bakuli kwa viganja viwili. Gongo ni jambo jingine. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini kinywaji cha kupasha mwili hakikuondoka, kilibadili chombo. Pombe hufungua mishipa ya ngozini, mtu akahisi moto usoni, na kwa mlango huohuo joto la ndani likatoka nje upesi zaidi. Anayekunywa ili asisikie baridi anapoa haraka kuliko mwenzake asiyekunywa, ila hana habari. Kikomo cha jumla cha kisheria kwa madereva ni miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu. Vidole vilivyoganda havihitaji hata nusu ya hizo ili mambo yaharibike.

Uchovu ndio mgumu zaidi kuuzungumzia, kwa sababu una mwenyewe. Vijana wengi hawamiliki pikipiki wanayoendesha. Kuna tajiri, kuna hesabu ya kila siku, au kuna mkataba ambao baada ya mwaka na zaidi chombo kinakuwa mali ya dereva iwapo hatakosa rejesho. Hesabu haijui kipupwe. Kijana aliyelala saa 6 usiku baada ya kurudisha wateja wa baa anaamka saa 10 kumpeleka abiria wa basi, kwa kuwa safari hiyo moja huweza kulipa zaidi ya nyingine tatu za mchana. Mtu aliyepoa na kukosa usingizi husinzia kwa sekunde mbili tatu bila kujua kwamba amesinzia. Ni rahisi kwa mwandishi aliyekaa ofisini kuwaita madereva hao wakaidi. Wengi wao wanafanya hesabu ngumu kila alfajiri, na wanaifanya wakiwa na usingizi.

Anayeanguka hupakiwa kwenye gari lolote litakalosimama. Huchukuliwa fomu ya polisi namba tatu, PF3, kisha majeruhi hupelekwa hospitali ya Mrara au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Akiwa ameangukia upande wa miinuko, kuna hospitali ya misheni ya Dareda, na mbali zaidi Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway mwaka 1955. Aliyeumia vibaya kichwani huishia hospitali ya KCMC, Moshi, safari ya saa kadhaa ambayo ubongo unaovimba hauna subira nayo. Rejista ya majeruhi wa kichwa iliyoendeshwa hapo KCMC na watafiti wa hospitali hiyo pamoja na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani ilikuta kwamba chanzo kikuu ni ajali za barabarani, na wengi wa walioumia ni wanaume vijana. Mwanza waliliona hilo mapema: mwaka 2010 Phillipo Chalya na wenzake wa Bugando walikwisha kuandika kuhusu majeraha ya pikipiki kama tatizo jipya la afya ya jamii. Tangu hapo upya umeisha na majeraha yamebaki.

Nyumbani, mguu uliovunjika wakati wa kipupwe huuza ng'ombe au kipande cha shamba la mbaazi. Ni wachache wanaokumbuka kuuliza kuhusu bima. Pikipiki ya biashara hutakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, ambayo kazi yake ni kumlipa aliyeumizwa na chombo, pamoja na abiria anayelipa nauli. Hati yake inaonyeshwa kwa trafiki, inakunjwa, inarudi chini ya tandiko. Abiria aliyelala wodini hajui kama ana haki yoyote ndani ya kile kikaratasi.

Kinga yenye faida kubwa kuliko zote ina bei ndogo kuliko zote, nayo ni kufunika mikono. Katika nchi za baridi za Asia huonekana pikipiki zenye mifuko miwili mikubwa kwenye usukani. Mkono unaingizwa ndani, unashika mshikio na breki bila kuguswa na upepo. Hapa Afrika Mashariki mafundi wa viti wa mijini hushona vitu vya namna hiyo kwa turubai au ngozi ya bandia, na manyoya ndani. Soichiro Honda na Takeo Fujisawa walipoitoa Super Cub mwaka 1958 waliiwekea ngao ya plastiki mbele ya miguu, wakijua kwamba mnunuzi wao ni mtu wa kupeleka vitu nyumba kwa nyumba katika upepo na matope. Pikipiki zinazouzwa Babati leo ni za kazi ileile bila ngao ile. Kiwanda hakitashona kinga ya Singe, lakini cherehani ya fundi viti ipo.

Mfuko wa mkono una masharti. Uwe mpana kiasi kwamba mkono unatoka mara moja, usisukume kishikio cha breki, usifunike swichi ya taa na indiketa. Asiyeupata avae glovu ya kufuma na juu yake ile ya mpira ya kuoshea vyombo, saizi moja kubwa zaidi: sufi hushika joto, mpira hukata upepo na maji. Haipendezi kwenye picha. Fundi naye anaweza kusogeza kishikio cha breki karibu na kulegeza waya kidogo tu ili vidole vifupi na vizito vikifikie. Ni kazi ya spana namba kumi na dakika tano. Na kila abiria anaposhuka, kabla ya kupokea nauli, dereva ajaribu kukunja na kukunjua vidole mara kadhaa. Vikigoma, asimame aviweke kwapani hadi virudi.

Kila mwaka, kipupwe kikikaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa Juni hadi Agosti: wapi kutakuwa na baridi kuliko kawaida, wapi upepo utazidi. Taarifa huwa na ushauri kwa sekta mbalimbali. Mkulima na mfugaji huambiwa wajiandae vipi, na idara za afya vilevile. Dereva wa bodaboda angeweza kupata aya yake. Ingesomwa kwenye redio za Babati saa 10 na nusu alfajiri, saa ambayo yeye ndiye msikilizaji, na viongozi wa vijiwe wakaibandika pale wanapobandika majina ya waliolipa michango. Halmashauri ingeweza kuongeza taa kwenye maungio ya barabara za mitaa na barabara kuu. Na matajiri wanaomiliki pikipiki tano au kumi, wanaokagua oili na cheni kila Jumapili kabla ya kupokea hesabu, wangeweza siku hiyohiyo kukagua taa ya nyuma, upepo wa matairi na kama kijana ana glovu.